Mara Saba, Tisa Tupu

Asubuhi ya harusi yangu gauni langu lilikuwa ndani ya sanduku la chuma, na namba ya kulifungulia sanduku hilo ilikuwa ndani ya kichwa cha baba yangu. Mpaka leo sijui kipi kati ya viwili hivyo kilikuwa kigumu zaidi kufunguka.

Lawama naanza kumgawia Shangazi. Yeye ni dada yake Baba, mwanamke mwenye mwili wake, na moyo wake haujawahi kupata habari za mwili huo. Alipofika kwa ajili ya harusi alilikuta gauni limetundikwa kwenye chumba cha kushonea, akalipenda, akapenyeza mkono mmoja, "nijaribu tu nione linavyokaa." Mama ndiye aliyelishona. Ni fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa, na mshono wa kwapani ulipoachia, yeye alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, lakini aliusikia. Alizima jiko, akaja, akamtoa wifi yake kwenye gauni kama anavyotoa sindano kwenye kidole, akarudia ule mshono, kisha akamwita mumewe.

"Lifungie mahali ambapo dada yako hafiki."

Baba alikuwa na mahali. Siku aliyostaafu ualimu, shule ilimpa saa ya ukutani, na yeye akaomba wamwongezee sanduku kuukuu lililokuwa likitumika kuhifadhia karatasi za mitihani. Ni la chuma kizito, na halina tundu la funguo. Kwenye kifuniko kuna magurudumu sita madogo, kila moja lina tarakimu kuanzia sifuri hadi tisa, na ukiyapanga yote sita sawasawa kifuniko kinaachia. Mwenye sanduku anaweza kubadilisha namba atakavyo. Baba alibadilisha, akalilaza gauni ndani ya shuka jeupe, akafunga na kuyavuruga magurudumu.

"Umeiandika mahali?" Mama akamuuliza.

"Namba ikiandikwa si siri tena."

"Haya. Tutaona."

Hapa inabidi nimweleze Baba vizuri, maana bila hivyo hamtaelewa jinsi tulivyookoka. Alifundisha hesabu mpaka mvi zikamwota ndani ya masikio. Wanafunzi walimwita Baki, kwa sababu kila mtu aliyegawanya ubaoni alisikia nyuma ya shingo yake, "Baki ngapi?" Ukimwambia umekula ukashiba, anakuuliza baki ngapi. Ni mtu mwema, lakini haombwi kitu. Ukimwomba jambo anakuambia subiri, anarudi kwenye karatasi zake, na hapo utasubiri mpaka unyauke.

Kwa hiyo nyumbani kwetu hatuombi. Tunakosea. Mama akitaka Baba atoke bafuni, anasimama mlangoni na kusema kwa sauti, kama anajisemea, "Saba mara nane, hamsini na nne." Mlango unafunguka papo hapo, Baba ana povu kichwani. "Hamsini na sita! Nani kasema hamsini na nne?" Bafu linakuwa wazi. Hata mchumba wangu nilimtambulisha hivyohivyo. Nilimwambia Baba nimempata mtu, ana miaka thelathini na moja, namba inayogawanyika kwa tatu.

"Haigawanyiki!" akafoka. "Thelathini na moja haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe. Huyo kijana ni namba tasa!"

"Mume wangu," Mama akasema, "usije ukayasema hayo mbele ya wazazi wake."

Basi, asubuhi yenyewe. Mimi ni msusi, nywele zangu nilikuwa nimezisuka jana yake, uso umeshapakwa, nimejifunga taulo. Kaka yangu mkubwa na dada yangu walikuwa wametangulia ukumbini kupokea watu. Msajili wa ndoa alikuwa na harusi nyingine baada ya yetu na alishatuonya kwamba hachelewi kwa ajili ya mtu. Akiondoka, tunapangiwa tarehe nyingine. Nikamwita Baba aje afungue.

Alikuja amevaa suti, tai imenyooka. Akapiga magoti, akaweka miwani, akakiweka kidole kwenye gurudumu la kwanza. Kidole kikakaa hapo. Akalizungusha kidogo, akalirudisha. Akakohoa. Kisha akasimama, akajipangusa magoti, na akatumia ile sauti yake ya darasani.

"Nimefikiri. Siwezi kufungua tu hivihivi, hakuna faida. Nitawapa sifa za namba hiyo, mtaitafuta wenyewe."

"Sifa za nani?" Shangazi akauliza.

"Za namba."

"Mtoto anataka gauni, wewe unaisifia namba?"

"Sifa ya kwanza," Baba akaendelea, macho juu ya vichwa vyetu. "Ina tarakimu sita."

"Hiyo hata mimi naiona, magurudumu si haya hapa!"

"Sifa ya pili." Uso wake ukachangamka. "Hii ndiyo tamu. Izidishe kwa mbili. Jibu lina tarakimu zilezile sita. Hakuna aliyepotea, hakuna mgeni aliyeingia, wamebadilishana viti tu. Izidishe kwa tatu, vilevile. Kwa nne, kwa tano, kwa sita, walewale! Tena hawavurugani. Wanafuatana kwa mzunguko, wa mbele wanahamia nyuma, wa nyuma wanasogea, kama watoto wenye adabu. Haya, tafuteni."

Akatoka kwenda jikoni, akasema anakunywa maji.

Simu ikalia. Ni kaka, anauliza tuko wapi. Bwana harusi ameshajifuta jasho mpaka leso imeloa, na msajili anaangalia saa yake kila baada ya kuangalia mlango. Nikamwambia tunakuja, Baba anatoa mtihani. Kaka hakuuliza zaidi. Amekulia nyumba hiihii.

Shangazi akaanza kuzungusha magurudumu kwa kubahatisha. Mama alipiga simu kwa jirani yetu, fundi wa vyuma, naye akafika upesi kwa sababu alikuwa mmoja wa waalikwa na alikuwa njiani kwenda ukumbini. Alikuja na suti ya kijivu, ua kifuani, miwani yake myeusi ya kazi usoni, na mashine ya kukatia chuma mkononi. Aliligonga sanduku kwa vidole, akatikisa kichwa kwa mapenzi.

"Chuma cha zamani hiki. Cheche zitaruka hasa. Nikate?"

"Ndani kuna gauni," nikamwambia.

"Kitambaa gani?"

"Satini, na wavu juu yake."

"Ah," akasema. "Hiyo inawaka vizuri sana."

Nikaenda jikoni nimekasirika, nimeshika taulo langu kwa mkono mmoja, nimejiandaa kumwambia Baba maneno ambayo bibi harusi hatakiwi kuyasema. Nilimkuta ameinama kwenye sinki, bomba linatiririka. Hakuwa anakunywa maji. Alikuwa anachovya kidole na kuandika tarakimu kwenye meza ya saruji pembeni, anazitazama, anazifuta kwa kiganja, anaandika nyingine. Mikono ya suti ilikuwa imeloa.

"Baba?"

"Nawapa muda," akasema bila kugeuka.

"Baba, hebu nitazame."

Hakunitazama. Alifunga bomba taratibu.

"Imeondoka," akasema. "Tabia zake zote ninazo. Naijua kuliko ninavyoijua nyumba hii. Yenyewe siipati. Na najua kuna mahali pa kuipatia, kuna kitu ukikigawa inatoka nzima, lakini nikitaka kukishika kinateleza." Akapangusa meza ingawa ilishakauka. "Usimwambie mama yako. Juzi nilitoka kwa kinyozi nikasimama barabarani, sijui nielekee kulia au kushoto."

Kinyozi yuko nyuma ya nyumba yetu. Ukipiga chafya huku, yeye anakuambia afya kule.

Niliogopa. Sikuogopa kuhusu gauni tena, gauni ningeweza kuazima. Niliogopa kwa sababu nilimwona Baba anaamini kwamba amekwisha. Fundi akilikata lile sanduku, ukumbi mzima utajua kwa nini tumechelewa, na watacheka, maana watu wanacheka harusini, na Baba atakaa meza ya mbele akiwa ameshajiwekea alama yake mwenyewe, sifuri kwa wino mwekundu. Mimi aliwahi kunipa alama za chini kuliko darasa zima na hakunionea huruma. Yeye mwenyewe angejionea?

Nilirudi chumbani sijui niseme nini. Mama alinitazama usoni mara moja tu. Nadhani fundi cherehani akishazoea kutazama vitambaa anaona kila kitu kilipovutika. Akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akapaza sauti ile ya mlangoni pa bafu.

"Kwani ni namba ya kusumbua watu hii? Mimi naijua! Kila siku anaisema mezani. Ukiizidisha mara tisa, zinakuwa saba tupu!"

Shangazi akaacha kuzungusha magurudumu.

"Saba tupu!" Mama akarudia, akamgeukia Shangazi. "Saba sita zimejipanga. Mara tisa. Andikeni hivyo hivyo."

"Mara SABA!"

Ilikuwa sauti ya Baba, na ilitikisa vikombe. Alitokea mlangoni, mikono inachuruzika maji, tai imepinda.

"Mara saba zinakuwa TISA tupu! Tisa sita! Nani kasema saba? Miaka yote hii unanisikiliza kwa sikio gani?"

"Hili la kushoto," Mama akasema kwa upole, na akanikonyeza.

Nilichukua penseli ya nyusi. Karatasi haikuwepo karibu, nikapiga magoti na kuandika juu ya kifuniko cha sanduku: tisa, tisa, tisa, tisa, tisa, tisa. Kama namba ukiizidisha kwa saba inatoa hizo, basi hizo ukizigawa kwa saba zitairudisha. Hata mimi wa alama za chini niliona hivyo. Nilianza kugawanya kwa sauti, na Baba akaja kusimama nyuma ya shingo yangu, kama zamani.

"Tisa kwa saba, inaingia moja."

"Baki ngapi?"

"Mbili. Ishirini na tisa kwa saba, nne."

"Baki ngapi?"

"Moja. Kumi na tisa kwa saba, mbili."

"Baki?" akauliza fundi wa vyuma, ambaye alikuwa ameshavua miwani.

"Tano. Hamsini na tisa, inaingia nane."

"Baki ngapi?" sasa ni Shangazi.

"Tatu. Thelathini na tisa, tano, baki nne. Arobaini na tisa kwa saba, saba."

"Baki ngapi?" wakauliza wote kwa pamoja, Baba kwa sauti ya chini kuliko wengine.

"Hakuna baki."

Moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Nilizitazama pale juu ya chuma, zimeandikwa kwa rangi ya nyusi zangu. Baba alizisoma kwa midomo bila kutoa sauti, jinsi mtu anavyosoma jina la mtoto wake kwenye orodha ya waliofaulu. Nikazungusha magurudumu moja moja. Nikavuta kifuniko.

Hakikufunguka.

Nikavuta tena. Shangazi akanisogeza pembeni, akavuta yeye, na kama kingekuwa kifuniko cha kufunguka kwa nguvu kingefunguka. Wapi.

"Nikate?" fundi akauliza.

"Basi kata," Baba akasema. Aliketi kitandani kwangu, mikono imemwangukia mapajani. "Nimekosea. Kateni tu. Samahani, mwanangu."

Mama aliketi sakafuni, na Mama akiketi ujue maji yamefika shingoni.

Ni hapo nilipoyakumbuka maneno ya Baba mwenyewe, kwamba walewale sita wanabadilishana viti. Kama si namba yenyewe, basi ni mmojawapo wa ndugu zake, ile ya mara mbili au mara tatu, mpaka mara sita. Hazikuwa nyingi. Ningeweza kuzijaribu zote kabla fundi hajapata pa kuchomeka waya wake, nikavaa, nikaenda kuolewa. Lakini nilimtazama Baba pale kitandani. Sikutaka niwe mimi niliyelifungua.

"Baba," nikasema, nikijifanya nahesabu kwa vidole. "Labda uliizidisha. Mara mbili si inatoa mbili, nane, tano, saba, nne, moja?"

Hakuinua kichwa. Nikadhani haijafanya kazi. Kisha sikio lake likacheza. Naapa niliona likicheza.

"Rudia," akasema.

"Mbili, nane, tano, saba, nne, moja."

"Saba, MOJA, NNE!" Akasimama. "Nimewaambia wanafuatana kwa mzunguko! Moja na nne walikuwa mbele, wakahamia nyuma, wote wawili, kwa utaratibu wao. Utamtanguliza nne mbele ya moja kwa ruhusa ya nani? Mara mbili ni mbili, nane, tano, saba, moja, nne. Mara tatu ni nne, mbili, nane, tano, saba, moja. Mara..."

Akakwama. Macho yake yakanijia, yakakaa juu yangu, juu ya mtu mwenye taulo na nywele zilizosukwa, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia chumbani.

"Mara tatu," akasema. "Wewe ni wa tatu."

Akapiga magoti mwenyewe. Akazungusha. Nne. Mbili. Nane. Kidole hakikusita. Tano, saba, moja. Sanduku likatoa mlio mdogo na kifuniko kikaachia, gauni likaonekana ndani ya shuka lake jeupe, halina hata kunyanzi.

Shangazi alipiga kigelegele mpaka mashine ya fundi ikamdondoka. Mama alikuwa tayari ameshalitwaa gauni na kuanza kunivisha, huku anamfukuza fundi atoke nje na suti yake. Baba alibaki mlangoni, ametupa mgongo kwa heshima, anaongea na ukuta.

"Kaka yako ndiye namba yenyewe, mara moja. Dada yako mara mbili. Nilipofunga nikasema huyu ni wa tatu, nitaweka ya kwake." Akajikohoza. "Ndiyo maana naipenda namba hiyo. Mtoto akitoka humu ndani, wanaume wenzangu wanalia eti amepotea. Hapotei. Tarakimu ni zilezile, amebadilisha kiti tu."

Vipodozi vyote nilivyojipaka asubuhi vilishuka mpaka kidevuni. Mama alinipangusa kwa ncha ya shuka, akanikaripia, na mwenyewe alikuwa analia zaidi yangu.

Msajili tulimkuta ameshavaa kofia yake ya kuondokea. Nilitia saini huku vidole vyangu vina weusi wa penseli ya nyusi, na Baba aliketi meza ya mbele, tai imenyooka, akiwaeleza wakwe zangu kwa nini mtoto wao si namba tasa tena, maana ametimiza thelathini na mbili. Baba mkwe alikubali kwa kichwa, jinsi unavyomkubalia daktari.

Jioni, wakati wa kuagana, nilimvuta Mama pembeni nikamwambia suala la kinyozi. Baba alikuwa amenikataza, lakini sikuweza kunyamaza.

"Mwanangu," akasema, "unadhani ni nani aliyekuwa anamfuata nyuma siku ile? Nilisimama kwenye kona nikapaza sauti, 'Tisa mara sita, hamsini na tatu.' Akaja mwenyewe."

Sasa naishi kwangu, upande mwingine wa mji. Kila nikimaliza kusuka mteja wa mwisho nampigia Baba simu na kumkosea. Siku nyingine ananikatiza kabla sijamaliza. Siku nyingine anakawia, nami nashika simu kwa mikono miwili nasikiliza anavyopumua. Najua ile mara saba ipo, pale ambapo wote sita wanaondoka kwa pamoja na kubaki tisa tupu ambazo hazimjui mtu. Mama naye anajua. Hatuizungumzii.

Jana nilimwambia mara tano ni saba, moja, nne, mbili, tano, nane.

Safari hii hakunikatiza. Nilisikia bomba la jikoni likifunguliwa, na kidole kikipita kwenye saruji. Mume wangu aliweka kijiko chini akanitazama.

"Nane, TANO!" Baba akanguruma, simu ikatetemeka sikioni mwangu. "Nane kwanza, halafu tano! Hivi wewe mtoto, nani alikufundisha hesabu?"

"Wewe, Baba."

Akafunga bomba.

"Basi rudi hapa Jumapili," akasema, "bado hatujamaliza."